RADIO YA BABU INATOA UNGA? TULIA, USIKIMBILIE DAWA!

Huenda mdudu alishakufa zamani, na hiyo dawa yako ndiyo ikaimaliza radio

Kwa taarifa yako msomaji, radio za mbao zimerudi mjini. Si zile za plastiki za kuning'iniza begani, hapana. Tunazungumzia yale mazee yenyewe, yenye kitambaa mbele, vitufe vinene kama vifuniko vya soda, na kioo kilichoandikwa London, Paris na Cairo. Zamani zilikuwa zikiwekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa cha kufuma, na mtoto akizigusa anachapwa. Leo kijana akipanga sebule yake anaiweka radio ya babu mahali ambapo kila mgeni ataiona, halafu anasubiri kuulizwa, "Hii umeipata wapi, mshikaji?"

Kasheshe huanza siku unapofuta vumbi. Unakuta unga mwembamba umejikusanya chini ya radio. Unafuta. Baada ya siku chache upo tena. Ukiipindua unakuta vitundu vya mviringo, vidogo, kana kwamba mtu amekaa na pini akitoboa kwa kujifurahisha. Hapo ushauri unamiminika kama mvua ya masika. Shemeji anasema mwagia mafuta ya taa. Fundi wa mtaani anasema paka oili chafu. Jirani anakuletea kopo la dawa ya mbu, tena bure.

Hebu waambie wote wasubiri. Kwanza hujui mdudu gani amekula mbao hiyo. Pili hujui kama bado yumo. Na tatu, mambo hayo wanayokushauri yanaweza kuiharibu radio ndani ya nusu saa kuliko mdudu ndani ya miaka miwili.

KWA NINI AIPENDE RADIO?

Radio nyingi za mbao tunazoziona ni za valvu, yaani zile taa za kioo zinazowaka ndani kabla ya sauti kutoka. Zilitamba kuanzia miaka ya 1930 mpaka ya 1950, wakati majina kama Philips, Grundig, Telefunken, Pye na Murphy yalikuwa yanatajwa kwa heshima. Mwaka 1954 Marekani ikatoa radio ndogo ya transista, Regency TR-1, ambayo unaitia mfukoni. Kuanzia hapo radio kubwa ya mbao ikaanza kuhesabu siku zake.

Huku kwetu radio hizo ziliikuta historia mlangoni. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ikaanza Juni 27, 1957. Uhuru wa Tanganyika ukaja Desemba 9, 1961. Nyumba iliyokuwa na radio ilikuwa nyumba ya mtaa mzima, jioni watu wanajaa barazani, hakuna kukohoa mpaka habari ziishe. Kwa hiyo kijana anayerithi sanduku lile anarithi kitu ambacho wazee wake waliketi mbele yake na kusikia dunia ikibadilika. Usikione kama pambo tu.

Sasa ukilitazama sanduku hilo unadhani ni gogo moja la mbao ya thamani. Si kweli. Mara nyingi ni plaiwudi iliyokunjwa kwa ustadi, halafu juu yake ikabandikwa vinia, ile ngozi nyembamba ya mbao nzuri, kisha ikang'arishwa. Ndani ya pembe kuna vipande vya mbao vya kushikilia, na ubao wa kufungia spika. Sehemu hizo za ndani hazikupigwa polishi, maana nani atachungulia huko? Tena plaiwudi nyingi za zamani ziligandishwa kwa gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Kwa baadhi ya wadudu, mbao iliyopakwa gundi ya namna hiyo ni kama mkate uliopakwa siagi.

Ndiyo maana ukiona uso wa radio unang'aa usidanganyike. Mdudu hapiti mlango wa mbele. Anaingia nyuma, chini au ndani, kule ambako mbao iko uchi.

WATUHUMIWA WATATU

Kama ilivyo kituo cha polisi, kabla ya kumtia mtu ndani lazima ujue ni nani. Wanaoshukiwa hapa ni watatu, na kila mmoja huacha uchafu wake. Chukua karatasi nyeusi, itandike chini ya radio, ligonge sanduku polepole kwa ngumi, halafu angalia kilichoanguka. Kama macho yako yamechoka, azima miwani ya mzee.

Wa kwanza ni dumuzi wa unga. Huyu anaacha unga laini kabisa, ukiusugua vidoleni unateleza kama poda ya mtoto. Vitundu vyake ni vya mviringo, upana wa milimita moja hadi mbili. Yeye mwenyewe ni mdogo, mwembamba, rangi ya kahawia. Kumbuka si mdudu mkubwa anayekula mbao, ni mabuu wake. Mama hutaga mayai kwenye vinyweleo vya mbao, buu akatoka, akala ndani kwa ndani gizani kwa miezi kadhaa, akageuka mdudu kamili, ndipo akatoboa atoke. Kwa hiyo kitundu unachokiona si mlango wa kuingilia. Ni mlango wa kutokea! Ukikiona, aliyekitoboa ameshaondoka.

Dumuzi huyu ana ukoo maarufu hapa nchini. Wakulima wa mahindi wanamkumbuka yule dumuzi aliyezuka Tabora kuelekea miaka ya 1980, akitokea Amerika ya Kati, akatafuna maghala mpaka watu wakambatiza 'Scania'. Hao wawili ni wa familia moja. Mmoja kachagua mahindi, mwingine kachagua mbao.

Lakini dumuzi wa unga ana udhaifu ambao wengi hawaujui. Anachokitafuta ni wanga uliomo ndani ya mbao, na wanga huo uko kwenye ile sehemu nyeupe ya nje ya mti, karibu na gome. Kiini cha mninga hakimpi kitu, ila ule ukingo mweupe wa mninga huohuo anaula kwa raha. Mbao za paini hazigusi. Na kadiri mbao inavyozeeka ndivyo wanga unavyopungua, mpaka mwisho anaisusa. Sasa piga hesabu. Radio ni ya mwaka 1955 na inatoa unga mpya mlaini leo? Mtazame kwanza fundi aliyeikarabati. Inawezekana kabisa alibadilisha mguu au ubao wa nyuma akatumia kipande cha mbao changa chenye ukingo mweupe, na mgeni akaingia na kipande hicho. Ukikibadilisha, umemaliza kazi.

Wa pili ni dumuzi wa samani wa Ulaya. Vitundu vyake vinafanana na vya yule wa kwanza, ila unga wake si laini, una chembechembe. Ukiusugua unakwaruza kama sukari ya kusaga. Huyu ndiye adui mkubwa wa radio kule Uingereza na nchi za jirani zake, na yeye ndiye anayependa mbao kuukuu na plaiwudi ya gundi ya wanyama. Mabuu wake wanaweza kukaa ndani miaka mitatu mpaka mitano wakitafuna bila haraka. Anapenda ubaridi wenye unyevunyevu. Joto la pwani si makazi yake. Kwa hiyo radio iliyotoka Ulaya ikiwa na vitundu vyake inawezekana ilitobolewa huko, kabla hata haijapanda meli, na mtobozi akazikwa hukohuko.

Wa tatu ndiye hatari zaidi kwa watu wa Tanga, Dar, Mombasa na Unguja. Huyu ni mchwa wa mbao kavu. Usimchanganye na mchwa wa kawaida anayepanda ukutani na njia yake ya udongo. Huyu hahitaji udongo wala maji, kundi lake lote linaishi ndani ya mbao na kuila kimyakimya, likiacha ngozi ya juu nzima. Haachi unga. Anaacha punje, kavu, ngumu, ndogo kama mchanga au mbegu za mchicha. Ukizitazama kwa kioo cha kukuzia utaona kila punje ina pande sita, kama penseli. Hizo ni choo chake, anazisukuma nje kupitia kitundu kisha anakiziba. Dalili nyingine ni mabawa ya kumbikumbi yaliyodondoka karibu na radio.

Ukikuta punje za pande sita, hapo hakuna mchezo. Usiiache radio hiyo karibu na kabati, kitanda wala mlango wa mbao.

YU HAI AU NI KOVU?

Swali la pili linawashinda wengi kwa sababu ya haraka. Kitundu kwenye mbao hakiponi. Mdudu aliyetoka mwaka 1962 ameacha tundu ambalo mpaka kesho utaliona, na unga wake wa zamani umo ndani, ukiigonga radio unamwagika kama wa jana. Watu wengi wananyunyizia sumu makovu.

Njia ya kumjua aliye hai haina gharama. Kwanza tazama midomo ya vitundu. Kitundu kipya kina ukingo mkali na ndani yake kuna rangi ya mbao mbichi, nyeupe au ya maziwa. Cha zamani kimefifia, kimejaa vumbi jeusi, pengine polishi imeingia humo. Pili, toa unga wote uliomo. Ligonge sanduku, tumia brashi laini, ukiweza pata mashine ya kuvuta vumbi. Tatu, zungushia kila tundu alama ya penseli kwa zile sehemu za ndani zisizo na polishi, au bandika karatasi nyembamba juu ya eneo lenye matundu. Nne, tandika karatasi nyeusi chini, andika tarehe, halafu subiri.

Usubiri kwa muda gani? Wiki mbili zinatosha kukuonyesha kama kuna unga mpya. Ila kusema kwa uhakika kwamba nyumba haina mtu, mpe mwaka mzima, jua na mvua zote zipite. Kitundu kipya kisicho na alama yako, au karatasi iliyotobolewa, ndiyo ushahidi. Bila ushahidi huo huna kesi.

Wakati unasubiri, radio iwe karantini. Ifunge ndani ya mfuko mkubwa wa nailoni ulio wazi usio na tundu, ili hata mdudu akitoka asivamie viti vya watu, na wewe umuone. Ikiwa imefungwa hivyo, usiiwashe hata kidogo. Valvu hutoa joto la kweli, na nailoni juu yake ni kutafuta moto ndani ya nyumba. Vilevile ikague kila wiki isije ikatoa jasho na kuota ukungu.

TOA KWANZA MASHINE

Haya, tuseme umethibitisha yupo. Kanuni ya kwanza ni hii: unatibu sanduku, hutibu radio. Kila kitu kisicho mbao kitoke kwanza. Chasi yenye valvu itoke, spika itoke, kioo cha stesheni kitoke, kitambaa cha mbele kitoke kama kinatoka bila kuchanika.

Kazi hiyo mpelekee fundi wa radio, tena mzee aliyezizoea za valvu. Si kwamba tunakudharau. Baadhi ya radio hizo chasi yake ya chuma imeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani, ukiigusa umejigusisha na waya. Hata ukichomoa plagi, zile kapasita za ndani zinaweza kuwa bado zimebeba umeme wa kukurusha. Tena nyingine zina kipande cheupe cha asbesto kilichowekwa kuzuia joto. Hicho hakikwaruzwi, hakifagiliwi, vumbi lake ni baya kwa mapafu.

Chunga sana kile kioo chenye majina ya miji. Maandishi yake yamepigwa upande wa nyuma na wino unaotoka kirahisi. Kitambaa kibichi tu kinaweza kuifuta London yote, na ukiisha kuifuta hairudi. Koni ya spika nayo ni karatasi, na ikinywa mafuta basi tena, radio itakuwa inakoroma kama mzee mwenye mafua.

TIBA YA BARIDI

Kwa sanduku dogo tiba safi kuliko zote ni friza. Haina sumu, haina harufu, haiachi doa, na inaua yai, buu na mdudu mkubwa kwa pamoja. Makumbusho nyingi duniani hutumia baridi kuokoa vitu vya mbao na vitambaa.

Lifunge sanduku ndani ya nailoni nzito, toa hewa kadiri unavyoweza, ziba kwa gundi ya utepe pasiwe na upenyo. Liingize kwenye friza ambayo tayari imeganda, nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi. Usiliweke kwenye friza ya vuguvugu ukaiwasha baadaye, maana wadudu wengine baridi ikija polepole wanaizoea. Liache wiki mbili kamili. Umeme ukikatika kwa muda mrefu na friza ikayeyuka, usidanganye hesabu, anza upya siku ya kwanza. Ukilitoa usilifungue. Liache ndani ya nailoni yake siku nzima mpaka lifikie joto la chumba, ili jasho lijikusanye juu ya nailoni na sio juu ya vinia.

Jambo moja la kuzingatia. Kama vinia imeshaanza kubanduka au sanduku linanuka unyevu, baridi inaweza kuongeza mpasuko. Likaushe taratibu kivulini na ibandikwe vinia kwanza. Na ujue kwamba friza inaua waliomo tu. Haizuii wa kesho.

TIBA YA DAWA

Sanduku kubwa lisiloingia kwenye friza linahitaji dawa ya mbao. Zinazotumika sana siku hizi zina pamethrini. Nunua kwenye duka linaloeleweka, kopo lenye maelezo na usajili, sio dawa iliyopimiwa kwenye chupa ya maji. Zamani watu walitumia dieldrini na ndugu zake, nazo zilikuwa kiboko kwa mchwa, lakini zilikaa kwenye udongo na kwenye miili ya watu miaka na miaka. Dieldrini ikatiwa kwenye orodha ya sumu za kupigwa marufuku katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Ukipewa kopo kuukuu kutoka stoo ya mjomba, shukuru, halafu usilifungue.

Dawa inapakwa kwa brashi kwenye mbao isiyo na polishi, yaani ndani, chini na nyuma. Kupaka juu ya polishi ni kupoteza pesa. Haipenyi, na mafuta yake yanaweza kuitia polishi ukungu au kuilainisha. Kwenye vitundu tumia bomba la sindano, tone kwa tone. Vaa glavu na miwani, tena miwani usisahau. Njia za mdudu zinakutana huko ndani, unaweza ukaingiza dawa tundu hili ikakurukia usoni kutoka tundu la pembeni.

Kazi ifanyike nje au madirisha yakiwa wazi, mbali na jiko na sigara. Paka na samaki wa mapambo wapelekwe mbali, pamethrini ni sumu kali kwao. Sanduku likishapakwa liache likauke mpaka harufu iishe kabisa, hata kama ni wiki kadhaa, ndipo chasi irudi. Mvuke wa mafuta pamoja na valvu za moto havikai chumba kimoja.

Kwa mchwa wa mbao kavu, sindano peke yake mara nyingi haitoshi maana kundi limejificha mbali na tundu. Friza ndiyo chaguo bora. Ikishindikana, ita wataalamu wenye leseni ya kuua wadudu.

HAYA USITHUBUTU

Mafuta ya taa: yanaacha doa na harufu, na umeyaingiza kwenye sanduku litakalokaa na valvu za moto.

Oili chafu: hiyo ni ya nguzo za uzio. Ikiingia kwenye vinia haitoki, na hakuna polishi itakayoshika tena.

Dawa ya mbu ya kopo: inaua mdudu anayetembea nje. Mabuu walio ndani ya mbao hawana habari.

Kuanika juani au juu ya bati: kweli joto linaua, lakini gundi ya zamani nayo inalainika, vinia inajikunja kama chapati, na polishi inapasuka.

Maji ya boraksi: ni kinga nzuri kwa mbao mbichi isiyopakwa kitu, ila kwa plaiwudi kuukuu yale maji yenyewe ndiyo adui.

KUZIBA MATUNDU

Hapa ndipo vijana wanapokosea mpangilio. Wanaziba kwanza, wanatibu baadaye. Ukiziba mapema umejifunga macho mwenyewe. Tibu, subiri, hakikisha, halafu ziba.

Kwa matundu ya pini, nta ngumu iliyochanganywa rangi ya mbao inatosha. Iingize kwa ncha ya kijiti, futa inayozidi, sugua kwa kitambaa kikavu. Faida yake si urembo tu. Matundu ya zamani yakishazibwa, jipya lolote litajitokeza kama chunusi kwenye uso wa bibi harusi. Nta inatoa ulinzi kidogo pia, kwa kuwa dumuzi hutafuta kinyweleo kilicho wazi au tundu la zamani ili atage.

Kama sehemu imekuwa laini mpaka kidole kinazama, nta haisaidii. Watengenezaji wa vitu vya kale hutumia gundi nyepesi inayonywewa na mbao na kuigandisha, au wanakata sehemu iliyooza na kupachika mbao ngumu isiyo na ukingo mweupe. Ubao wa spika ukaguliwe kipekee. Sanduku lote ni sehemu ya sauti ya radio, na ubao uliobunguliwa hutetema hata fundi akikubadilishia kila valvu.

UKIENDA KUNUNUA

Kuna radio ambazo hazina kesi hii kabisa. Za bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, mdudu hazitaki. Waingereza wa kampuni ya Ekco walitoa ya duara mwaka 1934 na mpaka leo watu wanaigombea. Kule Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, mwaka 1949 ilitoka radio ya betri kwa ajili ya wananchi wa kawaida, sanduku lake limetengenezwa kwa bati la aluminiamu kama la sufuria, na jina likawa hilohilo, 'Saucepan Special'. Mchwa akijaribu hiyo atatafuta daktari wa meno.

Lakini kama moyo wako uko kwenye mbao, nenda na karatasi nyeusi na tochi. Usiangalie uso. Mwombe muuzaji, kwa adabu, mzee naomba niipindue kidogo. Angalia miguu, ubao wa chini, pembe za ndani na nyuma ya spika. Gonga usikilize, mbao nzima inalia kavu, iliyoliwa inalia kama boksi. Choma kwa kijiti cha meno pale penye shaka. Nusa, maana harufu ya unyevu ni karibisho. Kisha uliza imekaa wapi. Radio iliyokaa sebuleni na kuwashwa kila jioni ilijikausha kwa joto lake yenyewe. Iliyolala stoo kwenye sakafu mbichi miaka ishirini ndiyo ya kuogopa.

Matundu ya zamani yasikukimbize. Yanaweza kukupunguzia bei, na ukishajua kwamba ni makovu hayo ni mapatano mazuri kwako. Kinachotakiwa kukukimbiza ni unga mpya, punje za pande sita, na muuzaji anayekuzuia kuipindua.

Ukifika nayo nyumbani, nailoni kwanza, sebule baadaye. Wageni watasubiri. Na kabla hujaichomeka ukutani, fundi aitazame kapasita zake, maana utakuwa umeiokoa kwa mdudu halafu uiunguze kwa umeme. Kazi kwako!